Mbona Si Adongo

Risper Apiyo na Joyline Adongo walizaliwa Karungu, pacha waliofanana hata mama yao alikuwa akiwachanganya. Siku hizi hakuna anayewachanganya. Risper amekonda, macho yamemtoka, na mikono inamtetemeka hivi kwamba kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani ni vita. Wateja wake pale Sindo wameanza kupeleka vitambaa kwingine.

Daktari huko Homa Bay alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imegeukia tezi ya shingo na kuichochea ifanye kazi kupita kiasi.

"Nimeutoa wapi ugonjwa huu, daktari?"

"Kwa sehemu umerithi. Halafu kuna kitu kilichouamsha: labda sigara, msongo wa mawazo, madini joto ya kwenye chumvi yakizidi, hata uzazi."

"Sigara sivuti, na mtoto wangu wa mwisho yuko sekondari. Kama ni kurithi, pacha wangu mbona mzima? Yeye ndiye anayekoroga mchanga wa dhahabu na zebaki kule Osiri. Mimi nashona sare za shule tu!"

"Pacha wanaweza kurithi sawa, akaugua mmoja. Kuhusu zebaki, sina hakika."

Risper alirudi nyumbani akiwa amefura kwa hasira. Mama mkwe wake akasema ni mambo ya ukoo wa kina Risper. Adongo alipopiga simu, Risper hakupokea.

Basi Adongo akaja mwenyewe, akakuta vyombo vimerundikana, akaanza kuosha. Risper alimtazama akisugua sufuria kwa mikono iliyotulia.

"Afadhali ingekuwa wewe," akasema.

Adongo aliweka sufuria chini. Akasema, "Nipeleke basi nipimwe."

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote wawili. Tezi ya Adongo ilikuwa sawa, ila damu yake tayari ilikuwa na dalili za kinga kuigeukia tezi hiyo.

"Ataugua?" Risper aliuliza.

"Huenda. Huenda pia asiugue kamwe. Arudi kupimwa mwakani."

Risper alipiga meza. "Huenda, huenda! Hamna neno lingine?"

Nje, Adongo alikuwa amejishika shingo. "Apiyo, niache kazi ya Osiri?"

"Iache."

"Daktari hakusema niiache."

"Mimi nimesema."

"Na watoto wangu wale nini?"

Risper akamshika mkono, akaukaza. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, wala hakuona wa kumtupia.