Hitma Nyumbani kwa Mwalimu Ayoub

Kosa ni langu, na nalisema mapema asije mtu akamlaumu Abdulla. Jumuiya yetu ya wasaidizi wa sheria, hapa Kikwajuni, iliomba kibali cha mkutano mara tatu, na mara zote tukajibiwa kuwa hali haijatulia. Tulitaka kuwakusanya watu waliomwona Mwalimu Ayoub akichukuliwa na wanaume wanne kwenye gari isiyo na namba, wiki moja baada ya uchaguzi. Mwezi ulikuwa umeshapita. Kila kituo cha polisi tulichokwenda walisema hawamjui.

Abdulla, mwenyekiti wetu, ndiye aliyekumbusha kwamba hitma, kisomo cha kumwombea maiti, haiombewi kibali. Tukakubaliana na Bi Salhiya, mama yake Ayoub, tumsomee marehemu mumewe, Mzee Kheir, hapo hapo nyumbani, na wakati wa chai tuandike ushahidi. Mimi ni katibu. Tangazo niliandika mimi, kwa haraka na kwa hasira, kama kawaida yangu: "Hitma, Ijumaa baada ya laasiri, nyumbani kwa Mwalimu Ayoub." Likasomwa msikitini, likasambaa kwenye simu.

Watu walijaa mpaka barazani. Juzuu za Kurani zikagawiwa, ikasomwa, ikaombwa dua. Kwenye chai na maandazi nikapata watu kumi na mmoja walioshuhudia, na wote wakatia saini. Nilirudi kwangu najiona mjanja. Sikujiuliza kwa nini wanawake walikuwa wakimkumbatia Bi Salhiya na kulia.

Jumatatu Bi Salhiya akaitwa kituoni, nikafuatana naye. Mpelelezi alikuwa kijana mpole kupita kiasi.

"Shikamoo, bi mkubwa. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Msiba gani?"

Akamsogezea karatasi na kalamu. "Familia mshasoma hitma, na tangazo tunalo. Aliye hai hasomewi hitma. Tia saini hapo kuwa mmekubali kafariki, tulifunge jalada."

"Ile hitma ya mume wangu."

"Tangazo halimtaji mumeo. Na yeye kafa miaka minane sasa. Watu wote wale walikuja kwa ajili yake?"

Maneno yangu tisa ya kwenye simu yalikuwa yamemuua Ayoub kuliko wale waliomchukua. Bi Salhiya aliishika kalamu. Alikuwa ametuahidi kwamba hatatutaja, na nilijua angekaa na ahadi yake hata ikimgharimu mwanawe.

Niliogopa, sitajifanya shujaa. Jumuiya ingeweza kufutwa siku ile ile, na mimi kulala ndani.

"Walikuja kwa ajili ya Ayoub," nikasema. "Tulimsomea baba yake kweli, lakini watu niliwaita mimi, na tangazo nimeliandika mimi. Ulikuwa mkutano. Tunamtafuta mtu aliye hai."

"Mna kibali?"

"Hatuna."

Upole ukamtoka. Akachukua karatasi nyingine na kalamu nyingine, akaniuliza jina langu kamili. Nassra Amour Usi, nikamwambia. Akataka na majina ya waliohudhuria. Nikasema nshayasahau, na hilo nalo akaliandika.

"Mwanangu," Bi Salhiya akamwita.

"Naam, bi mkubwa."

"We unajua Ayoub yuko wapi?"

"Sijui."

"Yu hai au kafa?"

Kijana akatazama mlangoni kabla ya kujibu. "Sijui."

"Basi andika hivyo hivyo hapa, kuwa hujui. Hiyo ntatia saini."

Bi Salhiya akaigeuza ile karatasi ya kwanza upande usioandikwa kitu, akamsogezea, akamnyooshea na kalamu. Kijana hakuipokea. Askari mwenzake alikuwa ameshafungua mlango kuja kunichukua. Nilipogeuka kwa mara ya mwisho, Bi Salhiya alikuwa bado kaunyoosha mkono, anamsubiri.