Unaita au Unatupa?

"Usinionyeshe, shemeji! Hizo mbili ni siri yako," Ogweno alisema, akazifunika karata za Mokeira kwa kiganja chake.

Walikuwa wamekaa juu ya kreti nyuma ya lori, sokoni Nyakoe, wapakiaji wakipitisha mikungu ya ndizi juu ya vichwa vyao. Mokeira aligeuka kuangalia kama kuna mtu wa kanisani karibu. Ogweno, dereva kutoka upande wa ziwa, ndiye aliyefanya kazi na mumewe Nyamongo miaka yote ya utingo wake, na kila walipongoja mzigo walicheza poka. Tangu kiharusi kimwangushe, Nyamongo alilala akitazama ukuta. Mokeira alikuwa amejaribu uji, maombi na nyimbo. Hakupata hata neno moja la Kikisii.

"Rudia," alisema.

"Kila mtu mbili za siri. Unaweka dau, ndiyo kuita, ama unatupa karata. Halafu tatu zinafunguliwa katikati, hizo ni zetu sote. Kisha ya nne, kisha ya tano, na kila mara dau. Mwisho unachagua tano bora katika hizo saba. Jozi inashindwa na jozi mbili. Tano za kopa tupu zinazishinda zote mbili."

Mokeira aliyarudia hayo njiani kama mtoto anayekariri aya.

Kesho yake alitandika leso juu ya blanketi, akagawa maharagwe yawe dau. Akampa Nyamongo karata mbili. Maneno ya mchezo alikuwa nayo kwa Kiswahili tu, kama alivyofundishwa.

"Unaita au unatupa?"

Mkono wa Nyamongo usiopooza ulijongea. Akasukuma punje mbili.

Mokeira nusura apige kelele majirani waje. Alifungua tatu za katikati. Nyamongo akasukuma punje nyingine. Mokeira akafungua ya nne. Hapo mdomo wa mumewe ukafunguka, na Kiswahili kikatoka, lugha ambayo wawili hao hawakuwahi kuizungumza ndani ya nyumba ile.

"Ogweno."

Macho ya Nyamongo hayakutoka kwenye karata.

"Ogweno, umekuja." Mate yalimtiririka kidevuni. "Nimechoka, ndugu yangu. Huyu mama ananigeuza kama gunia, usiku na mchana. Sitaki tena. Hata chakula nameza kwa sababu yake." Alivuta pumzi kwa shida. "Usimwambie."

Mokeira aliushika ukingo wa kitanda. Alitaka kusema, ni mimi. Alitaka kulitaja jina lake mwenyewe.

"Sitamwambia," alijibu kwa Kiswahili, sauti ameishusha chini kabisa.

Nyamongo akaitikia kwa kichwa, ametulia.

Nje mvua ilianza kuyapiga mashuka aliyoanika asubuhi. Mokeira hakuinuka. Kando ya leso, kidole cha mumewe kiligonga blanketi taratibu, kikingoja karata ya tano.