Mkono wa Mbali

...na sasa amebaki kuambiwa afungue mlango tu, gari limeegeshwa vizuri kando ya barabara, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, mama mshonaji ametulia kwenye usukani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na mwalimu wa udereva kando yake, bado hajalitamka, fungua, neno dogo analolisema kila siku huku akiwaza mambo yake, "Mwalimu, nifungue?" subiri kidogo, mama, anamjibu, subiri, haya, asubiri nini, barabara tupu, "Leo si ndiyo somo la mkono wa mbali?" mama anakumbusha kwa tabasamu, na nani asiyelijua, nusu ya madereva wa mji huu wanamwita hivyo, Mkono wa Mbali, jina la utani alilopewa na wanafunzi na yeye akalipenda, akalivaa kama koti jipya, usifungue mlango kwa mkono ulio karibu nao, fungua kwa ule wa mbali, mwili utageuka wenyewe, macho yatatazama nyuma yapende yasipende, utaiona pikipiki inayokuja, ameliimba somo hilo mpaka sauti ikakauka, na asubuhi ya leo, asubuhi hii hii, alitumia mkono upi?

Wa karibu... mkewe ndiye aliyekuwa akiendesha, gari lao la nyumbani, yeye kiti cha pembeni kama hapa alipo, ila hapa miguuni pake kuna breki ya pili, ya mwalimu, na kule hakuna kitu, zulia tu, na mguu wake haujawahi kulikubali hilo, kila wakilikaribia gari la mbele unakanyaga zulia, mkewe hucheka, breki yako umeisahau kazini, baba watoto, na leo pikipiki ilipojichomeka mbele yao kwenye foleni ikagonga kioo cha pembeni, alikanyaga zulia kwa nguvu zake zote, gari likasimama kwa breki ya mkewe wala si yake, na ile hofu ya kukanyaga pasipo na kitu ikafura papo hapo ikawa hasira, kama maziwa uliyoyapa mgongo jikoni, hawa watu wa pikipiki, hawa, wameifanya barabara ya baba yao, mwenye gari hana haki tena, alipe kodi, alipe bima, angoje taa kama mjinga, wao wanapenya tu, ngoja nimwonyeshe, "Kaa, mume wangu," mkewe akasema, "kioo ni kioo tu," naye mkono tayari uko mlangoni, mlango ukafunguka wote, kisha kishindo.

Wala si yule aliyegonga kioo, yule alikwishatokomea, ni mwingine, alikuwa akipita pembeni polepole na kreti za soda nyuma, chupa zikamwagika barabarani, kiwiko kimechunika, damu, na mwalimu badala ya kumwinua alimsimamia kichwani akafoka, ndiyo, alifoka, anajisikia mpaka sasa na masikio yanawaka moto, "Huna macho? Kipofu wewe? Nani kakupa haki ya kupita hapa?" watu wakichungulia madirishani, na yule mtu akavua kofia ngumu, akamtazama kutoka chini, akasema, "Samahani, mwalimu." Mwalimu... ni mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyekuwa akichekwa na wenzake kwa kugeuza mwili mzima kama anatafuta kiatu kilichopotea, na yeye akawaambia wanaocheka, huyu ndiye atakayezeeka na watu wake wote salama. Halafu trafiki akafika, akauliza kosa ni la nani, na mwalimu alikuwa na nafasi, mdomo ulikuwa wake, lakini yule akawahi, "Ni langu, afande, mwalimu ndiye anayejua sheria," na mwalimu anayejua sheria akatazama viatu vyake, leseni ya yule wa pikipiki ikaingia mfukoni mwa trafiki, "Kesho mje kituoni, mwalimu atoe maelezo, kosa likiwa lako hii huioni tena," na bila leseni yule atabeba soda za nani, watoto wale nini... mkewe ndiye aliyeokota chupa, akamfunga kile kiwiko kwa kitambaa chake cha kichwa, akaendesha, na kwenye geti la shule ya udereva akasema moja tu, yeye kaomba samahani, wewe je?

Lakini kweli pale si pa kupita, sheria iko wazi, angeweza kulisema hilo kesho na wala usingekuwa uongo, pikipiki ilikuwa pembeni mwa foleni, afande, hivyo tu, na jina lake libaki safi, lakini sheria haikufungua mlango, sheria haina mkono... "Mwalimu?" mama mshonaji ameyatoa macho barabarani, anamtazama, vidole vimekaza usukani, "Umenyamaza sana, nimekosea wapi? Samahani, mwalimu." Naye huyu! Hajafanya lolote, ameegesha gari vizuri kuliko wote wiki hii, na ameomba samahani kwa sababu mwalimu amenyamaza, basi ndivyo inavyokuwa, akinyamaza yeye kosa linamhamia aliye karibu, na ameishi hivi miaka yote akidhani ni heshima anayopewa, aibu gani hii.

"Hujakosea, mama," akasema, "mwenye kosa ni mimi," na mama asielewe, akabaki vilevile, mlango umefungwa, barabara tupu, na mwalimu akageukia dirisha lake akajaribu tena kwa sauti ya chini, kwa ajili ya kesho, mwenye kosa ni mimi, afande, nilifungua bila kutazama, asikie kama sauti itatoka, ikatoka, nyembamba, inakwaruza, lakini ikatoka.