Macho ya Kapambwe

Alhamisi saa tatu asubuhi, katika duka lake la kuchapa picha kwenye vikombe vya glasi mjini Kitwe, Kasuba alikuwa anaongeza wekundu kwenye shavu la mumewe. Glasi haina huruma na sura za watu. Ukichapa picha ilivyo, mtu mweusi anatoka kwenye mashine ya joto akiwa kijani kama aliyekula sumu. Kwa hiyo unapunguza kijani, unaongeza wekundu, unapandisha mwanga, unageuza kushoto kuwa kulia, ndipo unaifunga karatasi kwenye kikombe.

Vikombe vilikuwa kumi na viwili, kwa ajili ya wachimbaji kumi na wawili walioangukiwa na mwamba. Hakuna aliyetolewa. Kesho yake mgodi ungefunga shimo kwa zege, na kila mjane apewe kikombe chenye picha ya mumewe. Kasuba aliipokea kazi ile kwa sababu moja tu: mumewe Kapambwe asichapwe na mtu asiyeijua rangi yake.

Cha Kapambwe kilitoka mwisho. Katika kazi hii wino mweupe haupo. Penye weupe, glasi hubaki wazi. Kasuba alichungulia kwenye weupe wa macho ya mumewe na hakuiona meza yake. Aliona nguzo iliyovunjika, tope, na Kapambwe ameketi na kofia yake ya kazi, taa imefifia, analamba midomo. Katika vile vingine kumi na kimoja watu walikuwa wamelala.

"Kiu, siyo?" Kasuba akamuuliza. Akamiminia kikombeni munkoyo, kinywaji chao cha mizizi. Kikaisha kabla hajafunika chupa. Akamimina tena. "Taratibu basi, utapaliwa."

Mchana Bwana Sichone, afisa wa mgodi, alikuja kukagua. Kasuba akamwekea kikombe dirishani.

"Mume wangu yu hai, bwana. Zege lisubiri."

Sichone akachungulia jicho moja, kisha la pili.

"Namwona," akasema. "Ila macho yametoka meupe mno, mama. Yatie rangi."

"Rangi gani?"

"Yoyote isiyoonyesha. Kesho tuna wageni."

"Hivi wewe una moyo kweli? Mtu anakunywa mle!"

"Magari ya zege yameshaagizwa, mama."

Kasuba hakutia rangi. Ijumaa shimo likafungwa. Alisimama akawalaani wakubwa wa mgodi mmoja mmoja kwa jina, na kwaya iliyoletwa na mgodi ikaongeza sauti kumfunika.

Jumatatu alikwenda kwenye ofisi ya mgodi na kikombe chake, akakijaza mbele ya karani, mama mmoja mpole aliyekuwa anatafuna karanga. Munkoyo ukapungua, ukaisha. Karani alitazama mpaka tone la mwisho, akakiinua kikombe, akapapasa meza. Ilikuwa kavu.

"Pole sana, dada yangu," akasema, na machozi yalimlengalenga kweli. Akafungua daftari akaandika: Kikombe kinavuja. Kibadilishwe.

Akampa kipya cha udongo, chenye nembo ya mgodi, kizito, kisichopitisha mwanga.

Kasuba alirudi nyumbani na vyote viwili. Hicho cha mgodi ndicho anachochotea munkoyo wa kummiminia Kapambwe kwenye kile cha glasi, asubuhi, mchana na jioni.