Kosa Halikuwa la Mkanda

Kidonda cha Igoki kilikuwa kando ya jicho la kushoto, na kijiji kizima kilijua chanzo chake: mkanda wa kuni. Mwanamke wa Imenti hubeba mzigo mgongoni, mkanda ukipita kichwani, na mkanda huacha alama yake. Sembuse Igoki, aliyezaliwa na ngozi nyeupe isiyovumilia jua? Basi mama mkwe wake, Kiende, akawa anaupaka mkanda mafuta ya mbarika kila asubuhi, mwaka mzima na ushei. Mkanda ukalainika. Kidonda kikazidi kulisogelea jicho.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Watu walikuwa wamerundikwa katika kijiji kimoja, wakichimba handaki juani tangu asubuhi. Siku dresa Ishmael, mhudumu wa zahanati, alipokuja kuchanja watoto, alimchanja Mukiri, mwana wa Igoki, akiwa mgongoni mwa mamake, kisha akabaki akimtazama mama.

"Mama Mukiri, mmewahi kuacha kubeba kuni?"

"Miezi mitatu, walinzi walipotukataza msitu."

"Kidonda kikapona?"

Igoki alifikiri. "Kilifanya gaga. Likabanduka, damu ikatoka, kikarudi."

"Basi mkanda umesingiziwa. Tazama kingo zilivyoinuka, zinang'aa. Hii ni kansa ya ngozi, na jua ndilo limeileta. Ikikatwa sasa inaisha. Mkingoja, jicho litakwenda nayo."

Ishmael mwenyewe ndiye aliyembembeleza chifu hadi pasi ya kutoka kijijini ikatolewa.

Katika hospitali ya misheni walimchoma sindano kando ya jicho, na Igoki akalala macho wazi akisikia mkasi ukila nyama yake, wala hapakuwa na uchungu. Kisha daktari akachuna ngozi ya paja lake, nyembamba kama ganda la kitunguu, akaishonea usoni. Igoki hakuwa amejua kwamba Mungu alimruhusu binadamu kufika huko.

Siku ya saba bendeji ilifunguliwa. Daktari alibonyeza ile ngozi kwa kidole, ikapauka. Alipoachilia, damu ikarudi polepole, yenyewe. "Imeshika," akasema. Akampa kioo. Igoki aliyatazama macho yake yote mawili, akalia bila kuona haya. Alipotoka, walimpa kofia pana na kumwonya kuhusu jua.

Kiende alimpokea langoni, akaligusa kovu kwa ncha ya kidole. "Ni kweli hii ni ngozi ya paja?"

"Ya paja, mama. Na iko hai."

Mama mkwe alikaa chini palepale, hoi kwa mshangao.

Jioni Thuranira, kakake Igoki aliyezaliwa na ngozi kama yake, alikuja kumjulia hali. Sikioni alikuwa na gaga dogo.

"Ni mpini wa jembe tu," akasema.

"Ulikugonga lini?"

Thuranira akahesabu. "Mahindi ya mwaka jana yalikuwa hayajachanua."

Igoki aliweka kikombe chini. Alimvisha kakake ile kofia, akamshika mkono kama mtoto, wakaenda kwa chifu kuomba pasi nyingine.