Ng'ombe Katika Kabichi za Kristofa

Wivu, ndugu zangu, hauna adabu. Ungekuwa nayo, ungemsubiri Kristofa nje ya kanisa siku ile ya Sikukuu ya Mavuno kijijini kwetu Kwai. Wapi! Uliingia naye mpaka ndani, ukakaa naye benchi moja.

Kristofa alileta kabichi. Zilizo bora, zile ngumu za kujaa mikono, alikuwa ameshazipakia kwenye lori la wachuuzi wa Tanga. Za kanisani zilikuwa masalia. Mdogo wake, Nathanaeli, alileta ndama jike, mzaliwa wa kwanza wa Bahati, ng'ombe wake wa pekee. Baada ya ibada sadaka zikanadiwa uwanjani kama ilivyo desturi. Ndama alipotolewa, akina mama walipiga vigelegele, mchungaji mwenyewe akamshika kichwa, watu wakapandishiana bei mpaka sauti zikawakauka. Kabichi za Kristofa zilichanganywa na za wengine, zikachukuliwa kwa fungu na mpishi wa shule. Hakuna aliyeuliza ni za nani.

Uso wa Kristofa ukakunjamana. "Mimi ndiye mkubwa," akawa anajisemea njiani. "Mimi ndiye niliyemlea Nathanaeli, baba alipokufa. Leo yeye ndiye anayeshangiliwa." Mkewe, Yusta, alimtazama, akamwambia polepole, "Baba Samsoni, Kaini naye alianza hivihivi, kwa kununa." Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli, na ukweli wa mke huwasha kuliko upupu.

Kesho yake, Nathanaeli alipokwenda kupeleka maziwa, Kristofa alipita zizini kwake. Huku kwetu milimani ng'ombe hufungwa. Akitoka akaharibu shamba la mtu, mwenye ng'ombe huitwa mbele ya kitongoji akaaibika. Aibu hiyo ndiyo aliyoitaka Kristofa. Aliyeshangiliwa Jumapili akemewe Jumatatu. Basi akatoa pingo la mlango, akaliegemeza ukutani, akaenda zake. Alitegemea ng'ombe ataingia kwenye maharage ya Mzee Martin, jirani mkali asiyesamehe hata kuku.

Lakini mtu akishikwa na wivu, akili humtoka. Bahati alilelewa kwa majani ya kabichi za Kristofa mwenyewe. Kila jioni Nathanaeli aliyaokota shambani kwa kaka yake akampelekea. Angekwenda wapi kwingine? Kristofa alipoteremka shambani alimkuta katikati ya kabichi changa, zimelowa mvua, ameshakula mpaka ubavu wa kushoto umetuna kama ngoma. Alikuwa amelala, anahema kwa shida.

Dawa ya kuvimbiwa kila mfugaji anaijua: mafuta ya kula, umnyweshe, umwinue, umtembeze. Mafuta yalikuwa jikoni kwa Yusta, pale juu tu. Kristofa akasimama. Akawaza vile vigelegele vya jana. Akaendelea kusimama.

Ndipo Nathanaeli akatokea kwenye njia ya juu, migomba ikimziba asimwone ng'ombe bondeni. "Shikamoo, kaka. Hujamwona Bahati?"

"Kwani mimi ni mchungaji wa ng'ombe wako?"

Yalimtoka kabla hajayapima. Aliyasikia mwenyewe, akajua ni maneno ya nani. Bado angeweza kumwita mdogo wake arudi. Hakumwita. Nathanaeli akakimbilia upande wa barabara kutafuta, na alipokuja kumpata, yeye na watu aliowaomba msaada, Bahati alikuwa ameshakata roho.

Hassani, mwenyekiti wa kitongoji, akauliza palepale mbele ya wote ni nani aliyefungua zizi. Mzee Martin akasema pingo halijivui lenyewe. Kama kuna mtu aliyelitoa, huyo hafai kukaa na watu, ahame. Kristofa alikuwa anatazama viatu vyake. Nathanaeli akamtazama kaka yake, kisha akasema, "Ni mimi. Nilikuwa na haraka, sikufunga." Hassani akamkaripia sana, akaamua kwamba atazipanda upya kabichi za kaka yake kwa mikono yake mwenyewe.

Basi kesho yake asubuhi Nathanaeli akaja na jembe. "Shikamoo, kaka." Kristofa akaitikia marahaba. Wakaanza kupanda, Kristofa na beseni la miche, Nathanaeli ameinama kwenye mashimo, vile baba yao alivyowafundisha. Kutoka juu nyumbani kwa Nathanaeli ilisikika sauti ya mtoto akililia maziwa, na mama yake akimbembeleza kwa Kishambaa kwamba leo hakuna.

Kristofa akashindwa kuvumilia. "Nathanaeli. Pingo nilitoa mimi."

"Najua, kaka. Ng'ombe haegemezi pingo ukutani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungehamia wapi na shemeji na watoto?" Akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Nipe miche."

Kristofa akampa. Machozi yalimtoka, na sitawadanganya kwamba yote yalikuwa ya toba. Mengine yalikuwa ya wivu uleule: hata kwa kusamehe, mdogo wake alikuwa amemshinda.