Fimbo Dirishani

Mwaka ule wa 1975 umeme wa Kisii ulikuwa mgeni asiye na adabu. Unaingia bila hodi, unaondoka bila kuaga. Mwenye pasi ya makaa na taa ya chemli hakuwa na habari nao. Mimi nilikuwa fundi saa mwenye mashine, na mashine yangu haikula makaa.

Ilikuwa beseni la chuma lililokalia kasha la bati, na ubavuni mwa kasha kulikuwa na kitufe chekundu. Unatia maji na sabuni, unatumbukiza kikapu cha shaba chenye vyuma vya saa, unabonyeza. Hakuna brashi, hakuna mkono. Maji yanatetemeka kwa mlio mwembamba wa kukera meno, na uchafu uliokaa miaka katika gurudumu la saa unatoka wenyewe kama moshi. Mhindi aliyenifundisha kazi aliniachia mashine hiyo alipofunga duka na kuhamia Uingereza, kwa sababu haikuenea sandukuni mwake. Alinionya jambo moja tu: nisiiwashe ikiwa kavu. Bila maji inajiunguza yenyewe, na hakuna wa kuitengeneza kutoka hapa hadi Bombay.

Kazi yangu ya kila siku ilikuwa barazani kwa muuza vitambaa mjini, penye kimeza na kiti lakini hapana umeme. Mashine ilikaa nyumbani, kwenye nyumba tuliyopanga Nyanchwa, juu ya meza ya dirishani karibu na soketi yetu ya pekee. Kwa hiyo mchana nilikuwa mtu wa kukaza skrubu za saa za watu wasio na subira, jioni ndipo nilipokuwa fundi. Hakuna aliyenijua kwa ile kazi ya jioni. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza, mbele ya wateja, kama kweli nilihitaji kwenda kusomea jambo ambalo mkewe anafanya kwa kitambaa na mate. Nilimrudishia saa yake na cheko la uongo. Hadi leo namkasirikia.

Basi alipokuja Zachariah na katoni yake, niliona mlango umefunguka.

Zachariah tulisoma naye. Alikuwa mtunza stoo kwenye kasino moja Nairobi, na ndani ya katoni mlikuwa na sarafu za kamari: visahani vya udongo mgumu, vyekundu, vya kijani na vyeusi, kila kimoja kimepigwa jina la kasino kwa herufi za dhahabu. Zilikuwa chafu ajabu. Jasho la vidole, majivu ya sigara na pombe iliyomwagika vilikuwa vimegandamana kwenye mikwaruzo ya ukingoni.

"Meneja wetu amechoka kutupa hizi na kuagiza zingine ng'ambo," Zachariah aliniambia. "Amejaribu brashi, dhahabu inatoka. Nikamwambia iko mtu yetu Kisii ana mashine. Bwana Alfayo, hii katoni ikitoka safi na hayo maandishi ikae, unachukuliwa. Wanakupatia chumba yako ya kazi, na umeme haipotei huko. Mimi nakuja kuchukua Jumapili."

Chumba cha kazi! Chenye mlango! Libandikwe jina langu juu yake! Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha, na mimi si mtu wa furaha nyingi.

Mke wangu Persis hakufurahi hivyo. "Vitu vya kamari kwenye meza tunayosomea lesoni ya Sabato," alisema. Akafunika Biblia na kitabu cha nyimbo kwa kitambaa, kana kwamba zile sarafu zina macho. Lakini naye alikuwa amechoka kuteka maji bombani pa chini, na alikuwa amesikia kwamba Nairobi maji yanatoka ukutani. Akaniachia meza.

Kazi yenyewe ilitaka uangalifu. Sarafu ya kwanza niliiacha ndani kupita kiasi, na jina la kasino likanyauka mbele ya macho yangu. Niliitupa jamvini, nikatukana, nikaanza upya. Nikajifunza: sabuni kidogo, maji ya vuguvugu tu, muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani bila haraka, kisha toa, suuza, anika kwenye taulo. Zilitoka zinang'aa hadi Persis mwenyewe aliokota moja akaigeuzageuza, akairudisha upesi aliponiona.

Kilichobaki ni habari kumfikia tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

Baba yangu, Mzee Nyasani, alikaa Ekerenyo na majani chai yake na migomba yake, na alikuwa mzee wa kanisa. Mimi ndiye mwanawe niliyebaki karibu, na hakuelewa mtu mzima afanye nini na saa za watu wengine wakati chai inakomaa bila mchumaji. Kila alipotutembelea aliuliza swali lile lile: "Bado unafua saa?" Na kila mara alinikuta sina cha kumwonyesha, kwa sababu baba yangu hakuwahi kuiona mashine.

Angeionaje? Kwetu Wagusii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni ensoni, heshima na aibu kwa pamoja, na haina mjadala. Nyumba ile ina kitanda cha mwanawe na mkaza mwanawe, basi baba anaishia nje. Akija anawekewa kiti chini ya upenu, chai inaletwa pale, mazungumzo yanafanyika pale, mvua ikinyesha anavuta kiti karibu na ukuta. Tata aliishika ensoni kuliko watu wote ninaowajua. Kulikuwa na wazee mjini waliokwisha kulegeza, wanaingia hadi sebuleni wanakaa kwenye makochi. Yeye aliwaita wazee waliopotea.

Ijumaa ile yalikuwa yamebaki mafungu machache ya sarafu. Nilifunga kimeza changu mjini mapema ili nimalize kabla ya jua kutua na Sabato kuingia. Niliosha fungu moja, nikatia jingine kikapuni, nikabonyeza kitufe. Ubeti haukufika nusu, umeme ukaondoka.

Nilingoja. Niliketi nikaangalia taa kama mwehu. Haukurudi. Maji yalikuwa yameshakuwa meusi, nikafungua kibomba cha chini nikayamwaga yote kwenye ndoo ili nitie mapya, na hapo ndipo nilipoona sabuni imekwisha. Sabuni ile ya maji ilipatikana kwa muuza dawa mmoja tu, kule mjini. Nikavaa viatu nikashuka kilima mbio, nikinung'unika njia nzima. Kitufe nilikiacha kama kilivyokuwa. Nani hukumbuka kitufe wakati umeme haupo?

Muuza dawa alikuwa na foleni. Akanipitisha nyuma ya mama mwenye mtoto wa kikohozi, nyuma ya mzee aliyetaka kuelezwa dawa ya minyoo kutoka mwanzo. Nikasimama pale nimeuma meno. Kisha taa ya dukani ikawaka. Watu wakashangilia kidogo kama ilivyo desturi. Mimi nilishangilia pia, kisha nikakumbuka kitufe. Niliacha chupa yangu tupu kaunta.

Kupanda Nyanchwa mbio si mchezo. Nilifika kona ya mwisho mapafu yananitoka, nikaona moshi mwembamba ukitoka dirishani kwangu, na mbele ya dirisha mgongo wa koti jeusi ninaoujua tangu utotoni.

Tata alikuwa amesimama wima, miguu yake yote miwili nje, na mkono mmoja umeingia dirishani hadi begani. Aliutoa alipozisikia hatua zangu. Mkononi alikuwa na fimbo yake yenye kota, na kwenye kota ulining'inia waya wa mashine yangu na plagi yake.

"Umekuja," alisema. "Nimezima moto."

Nilimpita, nikaingia. Mashine ilikuwa sakafuni, chali juu ya saruji, kasha la bati limepasuka upande mmoja. Juu ya meza kulikuwa na dimbwi la chai ya maziwa. Sarafu zilikuwa zimetawanyika hadi chini ya kochi, na zile zilizokuwa kikapuni zimeshikana kuwa donge moja la rangi tatu, na dhahabu haikubaki hata chembe. Nilichungulia ndani ya kasha. Waya zilikuwa zimeungua hadi zimekuwa nyeusi, lakini kilichoniumiza zaidi ni lile bamba la chini ya beseni, ndilo lenye kutetemesha maji. Lilikuwa limepasuka katikati. Hilo halikupasuka kwa moto. Lilipasuka kwa kuanguka.

Persis akaingia mlangoni na debe la maji kichwani. Na kwa kuwa mtu hawezi kumfokea babake, nilimfokea yeye.

"Ulikuwa wapi?"

"Bombani! Unaona nimebeba nini?"

"Unaachaje nyumba na mashine iko ndani?"

"Umeme haukuwapo!" Alitua debe kwa kishindo. "Tata amefika, nimempa kiti, nimempa chai, nimekwenda kutafuta maji ya Sabato kama kila mke hapa kilimani. Uliacha mashine wewe. Au ulitaka nimwambie tata aingie ailinde?"

Nje tata alikohoa, kukohoa kwa mtu anayetaka wenye nyumba wajue kwamba anasikia.

Nikatoka nikasimama mbele yake. Alikuwa ameketi tena kwenye kiti chake chini ya upenu, mkungu wa ndizi aliotuletea uko miguuni pake.

"Taa iliwaka," alinieleza, bila kuulizwa. "Halafu hicho kitu kikaanza kulia. Kililia vibaya, Alfayo. Nikaita, hakuna mtu, majirani wote wako bombani au sokoni. Nikaona moshi. Nikachungulia dirishani, pazia liko karibu kabisa. Kwanza nikamwaga chai. Hakikunyamaza. Nikasema hii nyumba ya mwanangu itaungua. Nikaona waya, nikaunasa kwa fimbo nikauvuta kwa nguvu zangu zote."

"Ndiyo, tata."

"Sikuingia," alisema, na hapo akanitazama usoni, na nikaona kwamba hilo ndilo alilotaka nilijue kuliko yote. "Mguu wangu haukuvuka."

Nilitaka kupiga kelele. Mtu yeyote angeingia! Hatua moja tu mlangoni, ainue kikapu, achomoe plagi kwa mkono, atoke, aombe radhi kwa Mungu na kwa mababu kwa pamoja kama anataka. Jumapili Zachariah anakuja, na mimi nina donge la udongo la kumpa. Chumba kimekwenda. Mlango umekwenda. Jumatatu nitarudi barazani kwa muuza vitambaa kukaza skrubu, na safari hii hata jioni sina. Yote hayo yalinijaa mdomoni, na nilichosema ni:

"Asante, tata. Umeokoa nyumba."

Aliitikia kwa kichwa. Kweli alikuwa ameiokoa. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hata hasira yangu haikuwa na mahali pa kukaa.

Alichezesha fimbo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea, "Nilisikia unakwenda Nairobi. Nikasema nije niione mashine inayokupeleka. Nilijua sitaiona, lakini nikaja. Sasa haiwezi kutolewa nje?"

Niliingia nikaibeba, na beseni lake na kasha lake na waya zake zinazonuka, nikaiweka chini mbele ya kiti chake. Persis alikuja akasimama mlangoni, mikono imelowa. Tata aliinama. Aligonga beseni kwa kucha, akanusa, akaniuliza maji yanaingia wapi, nikamwonyesha. Akaniuliza uchafu unatokaje bila mkono, nikamweleza mtetemo, naye akasikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, kichwa upande. Aliokota sarafu moja safi iliyoponea kwenye taulo, ambayo Persis alimletea bila mimi kumwomba, akaielekeza juani akasoma zile herufi za dhahabu moja moja. Hakuuliza ni ya nini.

"Inaosha vizuri," alisema.

"Ilikuwa inaosha, tata."

"Na kuizima unafanyaje?"

Nilimwonyesha kitufe chekundu. Kilikuwa ubavuni, upande uliokuwa umeelekea dirishani siku zote, peupe kabisa. Tata alikitazama muda mrefu. Kisha akageuza fimbo yake, akashika kota, akanyoosha ncha kutoka pale alipoketi hadi ikagusa kitufe. Akabonyeza. Kililia tik.

"Hapa tu?"

"Hapo tu, tata."

"Ningefika," alisema.

Akakibonyeza tena, taratibu, na tena.